MWACHIENI KOFIA YAKE

Juma hili twaanza kwa kukiri kosa letu wenyewe. Katika Misa moja iliyosomwa uwanjani, jua likiwa kali, tulimwona kijana mwenye ualbino amesimama mbele, kofia kichwani. Tukatuma mtu amwambie aivue kwa heshima ya mahali. Akaivua bila neno, akainamisha kichwa mpaka mwisho, nasi tukadhani anasali kwa bidii. Baadaye mama yake akatuambia kwa upole: “Padre, mwanangu hakuweza kufumbua macho. Mwanga ulimchoma.” Kweli, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Tuliyojifunza tangu siku hiyo yafaa tuyaseme. Jicho lina rangi yake, ambayo wataalamu huiita melanini, na kazi yake moja ni kuzuia mwanga usiingie ila kwa tundu dogo la mboni. Mwenye ualbino amezaliwa na rangi hiyo kidogo mno, au hana kabisa. Basi mwanga humpenya na kutawanyika ndani ya jicho. Tena ile sehemu ya nyuma ya jicho itupatiayo kuona vitu vidogo haikukomaa vema. Ndiyo maana miwani humsaidia, lakini haimpi uoni kamili. Akikunja uso njiani, si kiburi. Asipoitikia salamu ya mkono, pengine hakukuona. Na miwani myeusi aivaayo si ya urembo.

Watu hawa si wachache kwetu. Katika Tanzania hukadiriwa kuwa yupo mmoja katika kila watu 1,400. Wala si wao tu: wenye kipandauso, na wenye vidonda vya kioo cha jicho, nao huumizwa na mwanga.

Tusemapo mlango umefungwa kwa mlemavu, twafikiri ngazi na kiti cha magurudumu. Hapa mlango u wazi, na mtu hawezi kuingia. Afika ofisini, foleni ipo juani. Mlinzi amwamuru avue kofia na miwani. Benchi laelekea dirisha. Tangazo limeandikwa kwa herufi ndogo, likabandikwa nyuma ya kioo king'aacho. Mwisho hurudi nyumbani na haja yake haikutimizwa, na watu husema ni mvivu wa kufuatilia.

Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya Tanzania, ya mwaka 2010, yataka mahali pa watu wote pafikiwe na wote. Baraza la Mitihani nalo huwaandalia watahiniwa wenye uoni hafifu karatasi za maandishi makubwa. Ikiwa mtihani wa taifa waweza kuandikwa hivyo, jaribio la darasani lashindwa na nini?

Yatupasayo ni machache. Kwanza, kofia na miwani myeusi viachwe kwa anayevihitaji, shuleni, ofisini na kanisani. Pili, darasani mtoto akae mbele, lakini dirisha liwe nyuma yake au ubavuni, asilikabili. Naye aruhusiwe kusogea hata ubaoni. Tatu, foleni ipangwe kivulini, na asiyeweza jua apewe pa kungojea. Nne, matangazo yaandikwe kwa herufi kubwa, yawekwe usawa wa macho, au yasomwe kwa sauti. Juu ya hayo yote, mwenyewe aulizwe, kwa maana ndiye ajuaye ni wapi panapomuumiza.

Kanisani kwetu tumetundika vitambaa viwili katika dirisha la upande wa mashariki. Gharama yake haikufika bei ya kiti kimoja. Kijana yule sasa hukaa hapo, kofia yake kichwani, akiwa ameinua uso. Ninyi walimu, wazee wa parokia na wakuu wa ofisi, Jumatatu ijayo kaeni kidogo katika benchi mnaloketisha wageni, mwangalie jua lawapiga wapi.