SOMO LA KATIBU: KUVITAMBUA VIJIDUDU KWA SURA ZA MAKUNDI YAO

Ndugu Wanachama,

Mwaka huu nilikwenda Morogoro kuwaona wakulima wenzetu wa karafuu katika milima ya Uluguru. Kisha nikafika Dumila, wilaya ya Kilosa, kando ya njia kuu iendayo Dodoma, kumjulia hali mjomba wangu alimaye nyanya. Nilimkuta kasimama shambani ana huzuni. Minyanya yake imenyauka, na majani yangali mabichi.

"Mpwa wangu," akasema, "maji natia kila siku, nayo yafa kwa kiu!"

Bwana shamba alikata shina moja akalitumbukiza ncha katika gilasi ya maji safi. Punde zikashuka nyuzi nyeupe kama maziwa. Akasema huo ni mnyauko wa bakteria. Kipande kingine kikapelekwa maabara mjini Morogoro, nami nikafuatana nacho. Niliyoyaona huko yanatuhusu sisi wenye mikarafuu.

KUNDI NI NINI?

Bakteria mmoja haonekani kwa macho. Lakini akiwekwa juu ya chakula kigumu katika kisahani, hujigawa wawili, wawili wakawa wanne, hata baada ya siku moja au mbili ni mamilioni, nao huonekana kama tone dogo. Tone hilo ndilo kundi, na wote waliomo ni kizazi cha yule mmoja.

Chakula hicho hugandishwa kwa agari, kitu kitokacho katika mwani, ingawa si aina ya mwani tuulimao visiwani. Robert Koch, mganga wa Kijerumani aliyefika Dar es Salaam mwaka 1897 kuchunguza maradhi, hapo zamani alitumia vipande vya viazi na jelatini. Jelatini iliyeyuka kwa joto. Mwaka 1881 Bibi Fanny Hesse, mke wa msaidizi wake, akashauri agari, aliyoizoea jikoni kwake.

HUTAZAMWA NINI?

Sisi tukianika karafuu jamvini hutazama rangi, ukubwa, ukavu na makonyo yaliyomo, tukajua daraja yake. Mtaalamu naye hutazama kundi:

1. Umbo: la mviringo au lisilo na umbo maalumu.
2. Ukingo: laini au wenye meno.
3. Kimo: bapa au limevimba.
4. Rangi.
5. Uso: mkavu, au una ute na kung'aa.
6. Muda lililochukua kuonekana.

Mwaka 1954 mtaalamu wa Marekani, Arthur Kelman, alieleza jambo kubwa juu ya bakteria wa mnyauko. Chakula kikitiwa dawa ya tetrazoliamu, wale wakali hufanya makundi yenye ute mwingi, yasiyo na umbo maalumu, meupe na waridi katikati. Waliopoteza ukali hufanya makundi madogo ya mviringo, makavu, mekundu sana. Ukoo ni mmoja, sura mbili! Ute huo ndio husaidia kuziba mishipa ya maji katika shina. Ndiyo maana minyanya ya mjomba ilikufa kwa kiu na maji yapo mizizini.

Lakini tahadhari: bakteria wa koo mbalimbali waweza kufanana sura. Kwa hiyo sura ya kundi ni dalili tu. Hukumu hutolewa baada ya vipimo vingine.

NA MIKARAFUU JE?

Maradhi ya kufa ghafula yaliyoangamiza mikarafuu mingi ya Unguja na Pemba yalichunguzwa na Nutman na Roberts katika miaka ya 1950, nao wakaonyesha kuwa sababu yake ni kuvu. Lakini huko Sumatra na Java mikarafuu huuawa na bakteria aliye jamaa wa karibu wa yule wa Dumila. Huenezwa na wadudu wafyonzao utomvu. Makundi yake ni madogo sana, na hukua polepole. Vijidudu vingine vikiwamo, huvitangulia na kumfunika. Kwa hiyo kinachoota kwanza katika kisahani huenda kisiwe ndicho kilichoua mti.

Basi mwanachama aonaye mkarafuu wake unapukutisha majani ghafula afanye haya:

- Asingoje mti ufe. Mti mkavu umejaa vijidudu vya uozo, navyo humpoteza mchunguzi.
- Akate kipande penye mpaka wa palipougua na palipo pazima.
- Akifunge kwa karatasi, asikitie maji wala asikiache juani.
- Aandike jina la shamba na siku, akifikishe upesi kwa bwana shamba.
- Asilete miche wala matawi kutoka ng'ambo bila ruhusa ya wakaguzi wa mimea.

Mjomba amepoteza nyanya za msimu mmoja, naye atapanda tena mahali pengine. Mkarafuu uliopandwa na babu haupatikani tena kwa msimu mmoja.

Wasalaam,
Katibu wenu