Mzigo Uliomo Ndani ya Neno "Charge"

Asubuhi moja nilikuwa nimekaa kando ya kitanda cha mtoto wa dada yangu, siku ya nne tangu apasuliwe tumbo. Daktari akapita na wanafunzi wake, akafunua bendeji, akakitazama kidonda, akamwambia muuguzi kwa Kiingereza: "No discharge." Akahamia kitanda cha pili. Dada yangu akajifuta macho kwa ncha ya leso. Siku zote hizo alikuwa akihesabu pesa za kumtoa mtoto, na neno hilo alilijua kwa maana moja tu: kuruhusiwa kwenda nyumbani.

"Sista, kwani mtoto ana nini tena?" akauliza.

"Hana kitu, mama. Kidonda kikavu, hakitoi usaha. Kesho mkijaliwa mnakwenda zenu."

Daktari alikuwa na maana yake na dada alikuwa na yake, na katika kamusi ya Kiingereza wote wawili wana haki. Tangu siku hiyo nimekuwa nikilifuatilia neno hilo pamoja na mzazi wake, "charge", ambalo wasemaji wa Kiswahili tunakutana nalo kila siku dukani, benki, hospitalini, kituo cha polisi na kwenye hati ya shamba. Mara nyingi halidhuru. Lakini wapo watu waliosaini wasichokijua, na wapo waliokubali kosa wasilolitenda, kwa kutoelewa neno hili lilikuwa limevaa sura gani siku hiyo.

Asili yake ni gari la kubebea mizigo. Warumi waliliita "carrus", jina walilolipata kwa Waselti. Kilatini cha baadaye kikazaa "carricare", yaani kupakia gari. Wafaransa wakalifanya "charger", na Waingereza wakalipokea katika zama za kati, yapata miaka 800 iliyopita. Nduguze ni "car", "carry" na "cargo", hiyo ya mwisho sisi tukiiita shehena. Hata "caricature", mchoro unaomkuza mtu pua na masikio, umetoka ukoo huohuo kupitia Kiitaliano: ni picha iliyopakizwa kupita kiasi.

Kwa hiyo maana mama ya "charge" ni kutwika. Aliyeshindilia baruti katika bunduki aliitwika. Anayempa mtu kazi anamtwika wajibu, anayemdai anamtwika gharama, anayemtuhumu mbele ya hakimu anamtwika shtaka. Na "discharge" ni kutua: meli ikipakua shehena bandarini, bunduki ikifyatuka, jeraha likitoa usaha, askari akiachishwa jeshi, mgonjwa akitoka wodini, deni likiisha. Ukilishika wazo hilo la mzigo, neno haliwezi kukupotea mbali. Kila unapolisikia jiulize mambo matatu: huu ni mzigo gani, umetwikwa nani, na nani ana uwezo wa kuutua? Usipopata majibu, hujaielewa sentensi bado, hata kama maneno mengine yote unayajua.

Mzigo mwepesi kuliko yote ni ule wa simu. Chaji tumeshaifanya yetu, tunasema simu imeisha chaji, niazime chaja, kibanda kile wanachaji simu. Maana hii ilitokana na bunduki. Mwaka 1747 Benjamin Franklin wa Philadelphia, akiandika barua kuhusu majaribio yake ya umeme, alizungumza juu ya chupa ya kuhifadhia umeme kana kwamba inashindiliwa baruti. Neno "battery" nalo alilitoa kwa mizinga iliyopangwa safu moja. Tatizo ni kwamba chaji ya simu imezoeleka mno, na mtu huibeba hadi mahali isipostahili. Mtazame anayenunua tokeni za umeme Kenya. Kwenye ujumbe anaopata kuna mstari usemao "Fuel Energy Charge". Neno liko katikati ya mambo ya umeme na bado si umeme. Ni pesa anayolipa kwa ajili ya mafuta yanayochomwa kuzalisha umeme huo.

Upande wa pesa Kiswahili kimejaliwa maneno, na ni vizuri tuyatumie. Unacholipa kwenye basi ni nauli. Cha shule au cha huduma ya ofisi ni ada. Serikali inakutoza kodi, ushuru na tozo. Benki na mitandao ya simu wana makato. Kiingereza kinaweza kuyaweka yote hayo chini ya "charge", ndiyo maana taarifa ya benki huonekana kama orodha ya jambo moja linalojirudia. Muulize karani kila mstari ni wa nini kati ya hayo. Watu wa kawaida wanalijua hili bila kufundishwa: anayetuma pesa Tanzania huambiwa "weka na ya kutolea", maana mpokeaji asipowekewa hiyo atapata pungufu. Anayetafuta nyumba ya kupanga katika majengo ya ghorofa naye aulize kama "service charge" imo ndani ya kodi au inalipwa kando kila mwezi, kwa ajili ya mlinzi, maji, taa za ngazi na kuzoa taka.

Tena kuna programu za simu zinazokupa siku kadhaa za kujaribu bure, halafu chini kwa herufi ndogo zinasema kadi yako itakuwa "charged". Hapo hakuna kinachojazwa. Utakatwa pesa, na utaendelea kukatwa mpaka ujiondoe mwenyewe.

Dalili nzuri ya kuitambua sura ya neno ni kineno kinacholifuata. Likifuatwa na "for", ni bei ya kitu. Likifuatwa na "to", gharama imeelekezwa kwenye akaunti au jina la mtu, kwa hiyo hakikisha si lako. Likifuatwa na "at", ni kushambulia: nyati aliyekuja mbio kichwa chini, au wale wapandafarasi wa Uingereza waliokimbilia mizinga ya Warusi huko Balaclava tarehe 25 Oktoba 1854. Likifuatwa na "with", simama uangalie vizuri, maana kuna njia mbili. Mtu anaweza kuwa "charged with" wizi, naye ameshtakiwa. Au "charged with" kusimamia uchaguzi, naye amekabidhiwa jukumu. Kinachotofautisha ni jina linalokuja baada yake.

"In charge" ni cheo. Zahanati nyingi wanaye in-chaji, na Kiswahili cha serikali ya Tanzania kina neno zuri kwa mtu huyo, mganga mfawidhi, kama vile mahakamani kuna hakimu mfawidhi. Ukiwa na malalamiko juu ya huduma, huyo ndiye wa kuuliziwa. Lakini kiongeze kineno kidogo tu, kiwe "in the charge of", na mambo yanageuka: mtu huyo si mkubwa tena, yuko chini ya uangalizi wa mwingine. Mzazi akisoma barua ya shule ya bweni asipite haraka hapo.

Madereva nao wasikilize. Sheria ya Trafiki ya Kenya, kifungu cha 44, haimhusu mlevi anayeendesha tu. Inamtaja pia aliye "in charge" ya gari barabarani au mahali pa umma akiwa amelewa. Kwa hiyo kuegesha kando na kulala kwenye usukani, funguo mkononi, si kinga ya moja kwa moja kama wengi wanavyoamini. Gari bado liko mikononi mwako.

Sasa tufike mahakamani, ambako mzigo huu ni mzito kweli. Vijana husema fulani "amechajiwa". Kiswahili chake ni kushtakiwa, na karatasi yenyewe ni hati ya mashtaka. Kukamatwa si kushtakiwa. Unaweza kukamatwa, ukahojiwa, ukaachiliwa, na usiwe umeshtakiwa hata dakika moja. Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 49, inataka aliyekamatwa aambiwe sababu bila kuchelewa, kwa lugha anayoielewa, na afikishwe mahakamani kabla ya saa 24 kupita, au siku ya kazi inayofuata kama muda huo unaishia nje ya saa za mahakama. Huko ndiko anaposhtakiwa, au anaelezwa kwa nini aendelee kuzuiliwa, au anaachiliwa. Kifungu cha 50 kinaongeza kwamba aambiwe shtaka kwa kina kinachomwezesha kulijibu, na apewe mkalimani bila malipo kama haielewi lugha ya kesi. Naomba msomaji aishike haki hiyo ya mkalimani. Kuiomba si ushamba, wala hakimu hakufanyii hisani.

Hatari kubwa iko katika jibu la kwanza. Shtaka husomwa, kisha mtu huulizwa: ni kweli au si kweli? Mwingine hujibu "ni kweli" akimaanisha ni kweli nilikuwa pale, au ni kweli nilikamatwa. Neno hilo linaweza kuandikwa kuwa ni kukiri kosa. Mwaka 1973, katika kesi ya Adan dhidi ya Jamhuri, Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki iliweka utaratibu unaofuatwa hadi leo. Shtaka na kila kiungo chake lielezwe kwa lugha anayoielewa mshtakiwa. Maneno yake mwenyewe yaandikwe. Kisha maelezo ya tukio yasomwe naye apewe nafasi ya kuyapinga au kuongeza. Ukiona umekubali kwa bahati mbaya, sema hapohapo maelezo yanaposomwa, usingoje hukumu. Tanzania ilipiga hatua nyingine mwaka 2021 ilipobadili sheria na kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Mwananchi husomewa shtaka, si "charge", na hilo peke yake limerahisisha kuelewana.

Na hapa "discharge" inarudi na mtego wake. Upande wa mashtaka Kenya ukiiondoa kesi chini ya kifungu cha 87(a) cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, mshtakiwa huwa "discharged". Ameachiliwa, aende nyumbani, lakini anaweza kukamatwa tena na kushtakiwa kwa kosa lilelile. Aliyeshinda kesi baada ya ushahidi kupimwa huwa "acquitted", na huyo hasumbuliwi tena kwa jambo hilo. Kiswahili cha magazeti huwatenganisha kwa neno moja, ameachiwa na ameachiwa huru, na mara nyingi neno hilo moja hudondoka. Mshtakiwa wa juzi anaporudi mtaani, familia ikachinja mbuzi, ni vizuri mtu mmoja awe amemuuliza wakili ni lipi kati ya hayo mawili lililoandikwa.

Mzigo wa mwisho ni wa ardhi. Sheria ya Ardhi ya Kenya ya mwaka 2012 inaita "charge" kile ambacho sisi tunakiita rehani. Shamba au nyumba hubaki kwa jina lako, unalima, unalala humo, lakini limetwikwa deni, na ukishindwa kulipa mkopeshaji anaweza kuliuza. Wazee wengi wameingia humu si kwa mkopo wao. Kijana anakuja na karatasi, anasema, "Baba, ni dhamana tu," na baba anatoa hati. Mtu akiwa na karatasi yenye neno hilo mbele yake, amwambie aliyeileta alitamke kwa Kiswahili, mbele ya mama na watoto: ninaweka rehani shamba hili kwa deni la fulani, la kiasi hiki. Likitamkwa hivyo, nyumba nzima huelewa. Na ikiwa ni nyumba wanayoishi mume na mke, sheria inataka mwenzi naye asaini au aonyeshe kwa maandishi kuwa amekubali, la sivyo rehani hiyo haishiki.

Malipo yakisimama, shamba haliuzwi kesho yake. Baada ya mwezi mmoja bila kulipa, mkopeshaji anaweza kukupa notisi ya kukutaka ulipe, yenye muda usiopungua miezi 3. Ukishindwa, ndipo inakuja notisi ya pili ya nia ya kuuza, isiyopungua siku 40. Notisi hizo huja kwa Kiingereza, na wengi huziweka juu ya kabati wakidhani ni taarifa za kawaida za benki. Ukiona "charge" na "statutory notice" kwenye ukurasa mmoja, hesabu siku kuanzia tarehe uliyoipokea na utafute wakili wiki hiyohiyo.

Ukimaliza kulipa, omba hati inayoitwa "discharge of charge", ambamo mzazi na mtoto wamekutana kwenye mstari mmoja: kutuliwa mzigo uliotwikwa. Benki huitia saini, nawe unaipeleka kusajiliwa katika ofisi ya ardhi. Kurudishiwa hatimiliki peke yake hakutoshi. Rejista ya ardhi ina sehemu ya mali, sehemu ya mwenye mali na sehemu ya mizigo, na mpaka usajili huo ufanyike, sehemu ya tatu itaendelea kuonyesha kwamba shamba lina deni, hata kama risiti zote unazo sandukuni. Omba taarifa rasmi ya rejista, ile watu huiita sachi, wiki chache baadaye, na usome sehemu hiyo ya tatu kwa macho yako.