Mbwa Wenu Analala Wapi?

Hebu jiulize: mbwa wenu analala wapi? Kwetu, nilipokuwa kidato cha pili, Simba alifungwa kamba kwenye mwembe kutwa nzima. Mvua yake, jua lake. Siku moja mdogo wangu akapita karibu naye wakati anakula, akang'atwa mguuni. Bibi akakimbilia pilipili ya kusaga ili atie kwenye kidonda. Mama akakataa. Alimkalisha mtoto chini ya bomba, akaosha kidonda kwa sabuni mpaka mtoto akachoka kulia. Siku hiyohiyo wakaenda hospitali, sindano ya kwanza, kisha kurudi tena mpaka dozi ikaisha. Simba alikuwa hajachanjwa, bwana! Tukamtazama kwa siku 10 kama atabadilika. Hakuna aliyelala vizuri.

Kwa nini hofu yote hiyo? Virusi vya kichaa cha mbwa hukaa kwenye mate. Vikiingia kwenye kidonda husafiri taratibu kwenye mishipa ya fahamu kuelekea ubongo, mara nyingi kwa wiki kadhaa au miezi. Katika muda huo chanjo inaokoa. Dalili zikishaanza, karibu kila mgonjwa hufa. Kwa hiyo ukiumwa: osha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, usitie pilipili wala mafuta ya taa, nenda hospitali leo, si kesho.

Baada ya siku zile 10 (Simba alikuwa mzima), baba akasema tumjengee banda, pembeni, mbali na njia ya watoto.

Anza kwa kumpima mbwa. Lazima aweze kusimama, kugeuka na kulala amejinyoosha. Mbwa wa kienyeji wa kawaida anatoshwa na sakafu ya sm 100 kwa 70. Ukuta wa mbele uwe sm 75, wa nyuma sm 65, ili maji yamwagikie nyuma. Usijenge jumba! Banda dogo hutunza joto la mwili wake. Ndugu zetu wa Njombe na Makete mnanielewa.

Sakafu ndiyo kazi yenyewe. Iinue kwa matofali, kama sm 15 kutoka chini, isinyonye maji na mchwa wasipande kirahisi. Mbao ziwe laini, misumari isichomoze ndani. Wengine hupaka mbao oili chafu ya gari kuzuia mchwa. Acha kabisa. Mbwa hulamba, na oili ile ni sumu.

Mlango usielekee upande mvua inakotokea, na uukate pembeni, siyo katikati, ili apate kona isiyo na upepo. Acha kizingiti cha sm 10 kuzuia matandiko yasitoke. Bati moja linatosha kwa paa, lakini bati juani ni tanuri: weka banda chini ya mti, au lifunike kwa nyasi. Sisi tulilifunga kwa bawaba nyuma, likawa linafunguka kama sanduku. Usidharau jambo hili, maana banda lisilofunguka halisafishwi, na viroboto na kupe hujaa humo. Kila wiki toa matandiko, anika juani, fagia. Kinyesi kizikwe, kwa sababu mayai ya minyoo ya mbwa hudhuru watoto wanaochezea udongo. Nawa mikono kwa sabuni ukimaliza.

Na chanjo? Mbwa huchanjwa kuanzia miezi mitatu, kisha kila mwaka. Muulize afisa mifugo wa kata yenu. Tarehe 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, sehemu nyingine huchanja bure. Simba tulimpeleka kwa miguu, mdogo wangu akitembea mbali nyuma yetu.

Banda lilipokwisha, Simba alilikataa siku tatu. Akalala mlangoni, pua ndani, mwili nje. Siku ya nne mvua ikanyesha.