Somo Letu: Zabibu za Dodoma na Mikono Iliyozipanda



Somo letu la safari hii linahusu shamba la zabibu katika nchi kavu. Baadhi yenu mtauliza: zabibu na sisi watu wa Arua na Koboko, wapi na wapi? Huku tumezoea tumbaku, muhogo na simsim, na ndugu zetu waliokwenda kusini wamezoea miwa na chai. Tunajibu hivi: katika kila zao yuko anayelima, yuko anayevuna, yuko anayepima na yuko anayenunua. Tukijifunza jinsi watu hao wanavyosimama katika zao la wenzetu, tutajiona wenyewe vizuri zaidi. Kwa hiyo twende Dodoma, Tanzania.

Wapo kati yetu wasiogusa kileo kwa sababu ya dini, nao tunawaheshimu. Somo hili halimfundishi mtu kunywa. Zabibu huliwa mbichi, hukaushwa, hukamuliwa maji yake. Tunachosoma hapa ni kazi.

1. NCHI YENYEWE

Dodoma iko katikati ya Tanzania, kwenye uwanda ulio juu ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari. Mvua yake ni kama milimita 570 kwa mwaka, nayo hunyesha kwa msimu mmoja tu, tangu Desemba hadi Aprili hivi. Arua hupata zaidi ya mara mbili ya mvua hiyo. Dodoma si jangwa la mchanga mtupu, lakini ni nchi kame, na wenyeji wake Wagogo wameijua njaa tangu zamani. Wameishi kwa uwele, mtama na mifugo, kwa sababu hivyo ndivyo vinavyostahimili ukame.

Mzabibu nao hustahimili. Mizizi yake huenda chini sana kutafuta maji, na hewa kavu hupunguza ukungu, ambao ndio adui mkubwa wa majani na vichala vyake. Ndiyo maana nchi inayoyanyima maji mahindi inaweza kuulea mzabibu, mradi mkulima apate maji ya kuusaidia wakati wa kiangazi.

Kuna jambo jingine ambalo mfanyakazi lazima alifahamu. Ulaya mzabibu hulala wakati wa baridi, ukaamka wenyewe majira yakibadilika, ukazaa mara moja kwa mwaka. Dodoma hakuna baridi ya kuulaza. Mkulima ndiye anayeuamsha kwa mkasi: hukata matawi yaliyozaa, machipukizi mapya hutoka, na baada ya miezi minne hivi vichala huwa tayari. Kwa njia hiyo Dodoma huvuna mara mbili, mara ya kwanza karibu na mwezi wa Machi, na mara ya pili katika Agosti na Septemba. Wakubwa husifu mavuno mawili kuwa ni baraka ya nchi. Sisi tunaongeza kwamba ni kupogoa mara mbili, kufunga matawi mara mbili, kupiga dawa mara mbili na kuchuma mara mbili. Baraka hiyo inatoka mikononi mwa watu.

2. NANI WALIANZISHA?

Watu wengi wakiulizwa, hujibu kwa neno moja: wamisionari. Ni kweli kwamba mapadre Wakatoliki walipanda mizabibu huko Bihawana, nje kidogo ya mji wa Dodoma, kabla ya Tanganyika kupata uhuru mwaka 1961. Ibada yao ya misa huhitaji divai, na kuipanda hapo hapo ni afadhali kuliko kuiagiza ng'ambo.

Lakini padre mmoja na kitabu chake hawezi kuotesha shamba. Mzabibu hauoteshwi kwa kurusha mbegu. Hukatwa vipande vya matawi, vikatiwa mizizi kitaluni, kisha vikahamishiwa katika mashimo yaliyochimbwa kwenye udongo mgumu na kujazwa samadi. Husimamishwa nguzo, hutandazwa waya. Mchwa huzila nguzo, na lazima zibadilishwe. Mavuno ya maana huanza baada ya miaka kadhaa, na katika muda wote huo kazi ipo lakini pesa haipo. Ndege hushuka matunda yanapoiva, na mtoto au mama hukaa shambani kuwafukuza. Hao wote ni waanzilishi, ingawa majina yao hayakuandikwa ukutani.

Gereza la Isanga pale Dodoma nalo lilikuwa na shamba la zabibu. Hili tusilipite haraka. Sehemu ya historia ya zao hili imebebwa na wafungwa, watu ambao hawakuwa na mkataba wala chama cha kuwasemea. Anayesimulia habari za zabibu za Dodoma na kuwaacha hao, amesimulia nusu.

Baada ya uhuru serikali ililichukua zao hili kama njia ya kuwapatia wakulima wa nchi kame pesa za mkononi. Ikaundwa kampuni ya umma ya kutengeneza mvinyo, DOWICO. Makutupora, kaskazini ya mji, pakawa mahali pa utafiti na mafunzo ya kilimo cha mizabibu. Mpaka leo mojawapo ya mbegu zinazojulikana sana huko ni nyekundu, nayo huitwa kwa jina la mahali hapo, Makutupora.

3. TANGI LIKIFUNGWA

Sasa tufike kwenye kiini cha somo.

Mkulima wa mtama akivuna, huweka ghalani. Bei ikiwa mbaya, hungoja, na akikosa mnunuzi, hula. Mkulima wa zabibu hawezi. Kichala kikishakatwa, jua la Dodoma linakihesabia siku. Ni lazima kifike kiwandani mapema, kisagwe, maji yake yaingie tangini, hamira ifanye kazi yake. Kwa hiyo hata kama shamba ni la mkulima, na mkasi ni wake, na jasho ni lake, bei iko kwa mwenye tangi.

DOWICO ilipodhoofika na hatimaye kufa katika miaka ya mageuzi ya uchumi, wakulima waliona maana ya maneno hayo. Zabibu zilikuwapo, tangi halikuwapo. Wengine waliacha mashamba, wengine waling'oa mizabibu waliyoilea kwa miaka. Wafanyakazi wa kiwanda walipoteza kazi, na wachumaji vibarua, ambao hawamo katika daftari lolote, walipoteza kazi bila hata barua.

Baadaye walikuja wenye viwanda wengine. Kampuni ya Tanganyika Vineyards ilishika nafasi, Cetawico ikajenga kiwanda huko Hombolo, na Alko Vintages, ambayo mwanzilishi wake ni Mtanzania Archard Kato, ikatia bidhaa zake sokoni. Zao likainuka tena. Huko Chinangali, wilaya ya Chamwino, wakulima wadogo waliingia katika shamba la pamoja lenye mipira ya kumwagilia kwa matone, kazi iliyoanzishwa kwa mkopo wa benki. Hapo pana funzo la pili: maji ya mpira hutoka kwa matone, lakini riba haingoji mvua wala mavuno. Kabla ya kutia sahihi, wanachama wa ushirika hawana budi kujua deni ni la nani, litalipwa kwa miaka mingapi, na nini kitatokea mwaka ambao mnunuzi hakuja.

Serikali ya Tanzania nayo ilitumia ushuru. Mvinyo uliotengenezwa kwa zabibu za nchini kwa zaidi ya asilimia 75 hutozwa ushuru mdogo kuliko mvinyo mwingine. Nia ni kumfanya mwenye kiwanda anunue kwa mkulima wa nyumbani badala ya kuagiza maji ya zabibu yaliyokolezwa kutoka nje. Tunaona basi kwamba bei ya kichala haipangwi na jua na mvua peke yake. Sheria nayo hupanga, na sheria hutungwa na watu wanaoweza kusikia sauti zetu tukisema kwa pamoja.

4. TUJITAZAME

Wilaya zetu zina historia yake. Waingereza waliichukua West Nile kutoka upande wa Sudan na kuitia katika Uganda mwaka 1914, na mwaka huo huo wakafungua boma la Arua. Kwa miaka mingi nchi yetu ilihesabiwa kuwa nchi ya kutoa vibarua. Mehta alipoanza kutengeneza sukari Lugazi mwaka 1924, na Madhvani alipofungua kiwanda cha Kakira mwaka 1930, vijana wa Kilugbara, Kialur na wengine wa upande huu walikwenda kukata miwa huko.

Tumbaku nayo ilikuja ikatupa pesa hapa hapa nyumbani. Lakini kila aliyeilima anaujua mwendo wake: mbegu na mbolea kwa mkopo, kuni za kukaushia zinazomaliza miti, na siku ya kuuza, mtu mmoja husimama mbele ya furushi akasema hili ni daraja la chini. Tumbaku iliyokauka haiozi upesi kama zabibu. Hata hivyo, kama mnunuzi ni yule yule aliyekukopesha mbolea, unangoja nini, na unampelekea nani?

Tukumbuke pia mama zetu wanaopika waragi ya muhogo. Katikati ya miaka ya 1960 sheria ya enguli iliwataka wapishi wawe na leseni na kuuza kwa kiwanda kilichoruhusiwa. Hapo pia aliyepika alikuwa mmoja, na aliyepanga bei alikuwa mwingine.

5. AFYA KAZINI

Katika kiwanda cha mvinyo, maji ya zabibu yanapochachuka hutoa hewa ya kaboni. Hewa hiyo ni nzito, hukaa chini ya tangi, haionekani, na mfanyakazi anayeingia kusafisha anaweza kuanguka kabla hajapiga kelele. Mwenzake akimfuata ili amtoe, naye huanguka. Watu wengi wamekufa wawili wawili na watatu watatu kwa njia hiyo katika nchi nyingi za mvinyo. Kanuni ni hizi: usiingie tangini kabla halijapitishiwa hewa safi na kupimwa kwa chombo, usiingie bila mwenzako kusimama nje, na aliye nje asiingie kuokoa bila kamba na chombo cha kupumulia. Kanuni hizi ni zetu pia, maana mashimo marefu, visima na matangi ya molasi huua kwa namna ile ile.

Shambani hatari ni dawa. Mizabibu hupigwa salfa na dawa za shaba ili kuzuia ukungu, na dawa nyingine za kuua wadudu. Anayepiga dawa anahitaji glavu, buti, kinga ya macho na pua, na maji ya kunawia. Hapa Uganda tunayo Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2006. Vifaa vya kinga ni wajibu wa mwajiri. Si zawadi, na visikatwe katika mshahara.

6. WENZETU WA MASHAMBA YA ZABIBU

Afrika Kusini, katika mashamba ya Cape, vibarua kwa miaka mingi walipewa mvinyo kuwa sehemu ya ujira wao. Desturi hiyo iliwaachia ulevi, watoto waliozaliwa na kasoro, na mifuko mitupu. Mkataba wa Shirika la Kazi la Kimataifa nambari 95 wa mwaka 1949 unakataza kulipa mshahara kwa pombe kali. Mwezi Novemba 2012 wafanyakazi wa zabibu wa De Doorns waligoma. Kima cha chini kilikuwa randi 69 kwa siku. Kuanzia Machi 2013 kilipandishwa hadi randi 105. Walidai 150, hawakupata zote, lakini bila kugoma wasingefika hapo.

Marekani, huko Delano, California, wachumaji wa asili ya Ufilipino wakiongozwa na Larry Itliong waliweka chini visu tarehe 8 Septemba 1965. Waajiri walikuwa na desturi ya kuvunja mgomo wa Wafilipino kwa kuwaita Wameksiko, na wa Wameksiko kwa kuwaita Wafilipino. Safari hiyo Wameksiko, chini ya Cesar Chavez na Dolores Huerta, walijiunga na mgomo badala ya kuuvunja. Wakawaomba wananchi mijini wasinunue zabibu. Mwaka 1970 waajiri wakatia sahihi mikataba. Mlugbara, Mkakwa, Mualur na Mmadi, kila mmoja na atafakari habari hiyo siku mnyapara atakapomwambia kwamba kabila jirani linakubali ujira mdogo zaidi.

7. MASWALI YA KUJADILI

Msome somo hili kwa sauti katika kikundi, kisha mjadili:

(a) Katika kazi yenu, nani ana ardhi, nani ana kiwanda, na nani anashika mizani?

(b) Kama mnunuzi wa zao lenu akiondoka mwaka huu, mna njia gani nyingine? Mkijibu "hakuna", ni hatua gani ya kwanza?

(c) Je, vibarua wa msimu wamo katika chama chenu? Kama hawamo, nani anawasemea siku ya malipo?

(d) Hesabuni matangi, mashimo na stoo za dawa mahali penu pa kazi. Ni ngapi zina onyo lililoandikwa kwa lugha inayosomwa na wafanyakazi?

(e) Nani walianzisha kiwanda au shamba lenu? Waulizeni wazee. Andikeni majina ya wachimba mashimo pamoja na ya wenye mali.

Jibu la swali la mwisho lileteni mkutanoni. Majina hayo yakishapatikana, tutayasoma mbele ya wote.

Umoja ni nguvu.