Jani Limeanguka, Chipukizi Lipo



Oktoba, mwezi wa Rozari, inaishia huku Ujerumani. Asubuhi giza, baridi kali, na mimi na blanketi sasa ni marafiki wa kufa na kuzikana. Rozari? "Dakika tano tu," kisha naamka nimechelewa darasani!

Jana, nikisubiri basi, nikautazama mti uliopukutika. Kumbe pale jani lilipoachia, chipukizi la mwakani lipo tayari: dogo, gumu, limejifunga. Mti haujafa, unatunza nguvu.

Nikacheka, nikatoa rozari mfukoni. Tendo moja, basi likafika. Leo nimerudia.

Ndugu, ukijisikia mkavu katika sala, usikate tamaa. Anza na tendo moja. Mungu anajua majira yako.