Kosa si Kosa, Kosa ni Kuwasha Gari



Wapendwa wanandoa, leo sitaanza na Maandiko Matakatifu. Nitaanza na pikapu.

Nyumbani kwetu Riruta tuna pikapu kuukuu inayotumia dizeli. Ndiyo inayombebea mke wangu viazi na kabichi kutoka soko la Wakulima mjini hadi kibanda chake cha Kawangware, na ndiyo iliyotulipia karo ya watoto kwa miaka mingi. Jioni moja, tarehe 14, niliingia kituo cha mafuta. Msomaji wa Kenya anaijua tarehe hiyo: ndiyo siku ambayo EPRA, mamlaka inayosimamia kawi na petroli, hutangaza bei mpya za mafuta, zinazoanza kutumika usiku wa manane. Watu walisema bei itapanda, foleni ilikuwa ndefu, nami nilikuwa na haraka ya kwenda kuwafundisha wachumba wanaojiandaa kwa Sakramenti ya Ndoa. Nilimwambia kijana wa pampu, "Weka ya elfu tatu." Sikutaja mafuta gani, wala sikushuka garini. Niliposoma risiti, moyo ulinipasuka. Ilikuwa petroli.

Ndugu msomaji, pale pale palikuwa na nafasi ya kuokoa kila kitu. Lakini niliogopa. Mwezi uliotangulia nilikuwa nimepoteza simu, na maneno ya ile simu yalikuwa hayajaisha nyumbani. Nikajiambia: tangi lilikuwa na dizeli kiasi, itachanganyika tu. Nikawasha gari.

Kwenye Barabara ya Naivasha, kabla ya kufika Satellite, injini ilianza kugonga, nguvu ikapungua, moshi ukatoka, kisha ikazima kabisa. Tulisukuma gari mpaka nyumbani. Mke wangu alipouliza kuna nini, nilimjibu, "Nafikiri ni betri."

Kesho yake fundi alikuja, akachaji betri, akajaribu kuwasha tena na tena. Nami nilisimama pale nikimtazama, nimenyamaza. Siku ya tatu alifungua filta, akanusa, akauliza mbele ya mke wangu, "Nani aliweka petroli humu?"

Fundi alituambia kwamba kama nisingewasha, kutoa mafuta na kubadilisha filta kungegharimu kama shilingi elfu nne. Sasa pampu ya injini ilikuwa imeharibika, na bei ilikuwa elfu thelathini na nane. Hiyo ilikuwa karo ya muhula wa pili. Usiku ule mke wangu aliniambia, "Baba watoto, petroli ningekusamehe papo hapo. Hizi siku tatu ndizo sijui nitaziweka wapi."

Kwa nini mafuta hayabadilishani

Hebu kwanza tuelewe jambo lenyewe, maana huweza kumpata mtu yeyote. Injini ya petroli huwasha mafuta kwa cheche ya plagi. Injini ya dizeli haina plagi za cheche. Hubana hewa mpaka inakuwa ya moto mno, na dizeli ikinyunyiziwa humo huwaka yenyewe. Tena dizeli ina utelezi kidogo, na utelezi huo hulainisha vyuma vya pampu. Petroli ni kavu. Ikipita humo huondoa utelezi, chuma kikasuguana na chuma, na unga wa chuma ukasafiri hadi kwenye injekta. Hapo ndipo hasara kubwa inapoanza.

Dizeli ikiingia katika gari la petroli, plagi huchafuka, moshi hutoka, na gari huzima. Ni usumbufu, lakini kwa kawaida injini ikisafishwa hupona. Kosa la kutia petroli katika gari la dizeli ndilo baya zaidi, na ndilo rahisi kutokea, kwa sababu mdomo wa pampu ya petroli ni mwembamba na huingia kwa urahisi katika tangi la dizeli. Ule wa dizeli ni mnene, na mara nyingi hauingii katika magari ya petroli ya siku hizi.

La kufanya

1. Usiwashe gari. Usizungushe hata ufunguo, kwa maana katika magari mengi pampu ya mafuta huanza kazi ufunguo unapozungushwa, hata kabla injini haijanguruma.

2. Mwambie mhudumu na msimamizi wa kituo mara moja. Toa gia, na gari lisukumwe kando. Tunza risiti.

3. Ita fundi na umwambie ukweli wote: ni mafuta gani yaliyoingia, ni lita ngapi, na kama injini iliwashwa. Atamwaga mafuta yote yaliyo tangini, asafishe mipira, abadilishe filta, ndipo atie mafuta safi. Usijidanganye kwamba ukiongeza dizeli juu yake utakuwa umetengeneza.

4. Kama umeshaondoka na injini inaanza kugonga, simama mahali salama uzime. Usijaribu-jaribu kuwasha.

5. Mafuta yaliyotolewa ni hatari. Usiyanyonye kwa mpira na mdomo, maana petroli ikiingia mapafuni yaweza kuua. Yawekwe katika mtungi unaofungwa vizuri, mbali na moto na sigara. Usiyamwage mtaroni, na usimpe jirani ayatie katika jiko la mafuta ya taa au koroboi, kwa sababu yaweza kulipuka. Sisi wa Nairobi hatujasahau moto wa Sinai wa Septemba 2011, petroli ilipovuja na kuwaka, ikateketeza watu wapatao 100.

6. Ili kosa lisitokee, shuka garini, taja jina la mafuta kwa sauti, na utazame pampu kabla haijaanza kuhesabu. Andika DIZELI kwenye kifuniko cha tangi, hasa kama gari linaendeshwa na watu wawili au huazimwa.

Kosa na udanganyifu

Mnamo 2018 Serikali yetu iliweka tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa. Sababu iliyotolewa ni kwamba wafanyabiashara wengine walikuwa wakiyachanganya na dizeli na kuwauzia watu. Tazameni tofauti. Kijana aliyenitilia petroli alikosea. Mwenye kuchanganya mafuta usiku ili auze asubuhi kama dizeli safi anadanganya. Gari laweza kuharibika kwa njia zote mbili, lakini dhambi si moja.

Mimi nilianza upande wa yule kijana, nikamalizia upande wa yule mfanyabiashara. Petroli ilikuwa kosa. "Nafikiri ni betri" ulikuwa udanganyifu. Soma Mwanzo sura ya 3: Adamu alijificha kwanza, kisha akamsukumia mkewe lawama. Mimi nilisukumia betri. Wazee walisema, mficha maradhi kifo humuumbua, na kweli nilikuja kuumbuliwa na harufu ya filta.

Katika ndoa tunatiliana mafuta yasiyofaa mara nyingi: deni lililochukuliwa bila kushauriana, neno baya mbele ya wakwe, pesa za chama zilizotumika kwa jambo jingine. Mengi ya hayo, yakisemwa siku hiyo hiyo, ni ya elfu nne. Tukiyawasha kwa uongo na kuyaendesha siku tatu, yanakuwa ya elfu thelathini na nane, na hapo tumeshaharibu kile kilichokuwa kinatupeleka kazini.

Kwa anayeambiwa

Lakini nisimalize kana kwamba mwenye kosa ni mmoja tu. Tulipoketi kuzungumza, mke wangu naye aliniambia, "Labda nami niliizungumza ile simu kupita kiasi." Sikumwomba aseme hivyo, na hakunipunguzia hatia yangu. Lakini alisema kweli. Mume au mke ambaye kila akiungama hupata ugomvi wa wiki nzima, na makosa ya mwaka juzi yakafufuliwa, anajifunza kunyamaza. Anayetaka kuambiwa ukweli nyumbani hana budi kuufanya ukweli uweze kusemeka. Kukasirika si dhambi. Mtakatifu Paulo anatuagiza tuache uongo tuambiane kweli, tena jua lisituchwee tukiwa na hasira (Efeso 4:25-26). Ayaweka mawili hayo pamoja: mmoja aseme kweli, na mwenzake asilale na hasira.

Hayati Baba Mtakatifu Fransisko, katika wosia wake wa mwaka 2016 uitwao Amoris Laetitia, yaani Furaha ya Upendo, alitukumbusha maneno matatu ya nyumbani: tafadhali, asante, na nisamehe. Tena alituhimiza siku isiishe kabla hatujapatana. Nilikuwa nimewafundisha wachumba maneno hayo jioni ile ile ya tarehe 14, huku petroli ikiwa tangini. Wiki iliyofuata niliwasimulia habari yote, mke wangu akiwa ameketi kando yangu. Hakuna somo waliloliuliza maswali mengi kama hilo.

Karo tuliilipa kidogo kidogo, kwa ruhusa ya shule. Siku hizi nikikosea hupiga simu kabla sijageuza ufunguo. Naye huniuliza swali moja tu kwanza: "Umewasha?"

Ya kujadiliana nyumbani au katika Jumuiya Ndogo Ndogo

1. Je, kuna jambo ninalomficha mwenzangu kwa kuogopa maneno yake? Limekaa siku ngapi?

2. Mwenzangu akinieleza kosa lake, neno langu la kwanza huwa nini?

3. Soma Mwanzo 3:8-13. Adamu angesema nini badala ya alivyosema?

Azimio: wiki hii kila mmoja amweleze mwenzake jambo moja dogo lililofichwa, na anayesikiliza anyamaze mpaka mwisho, kisha msali pamoja Baba Yetu.