Kabla Hujanunua Laptopu Nyingine, Fungua BIOS

Kwa sisi tunaosomea ualimu wa TEHAMA, zoezi linalotisha watu ni kusakinisha mfumo endeshi. Ukibonyeza vibaya, kila kitu kinafutika, pamoja na ripoti yako ya TP. Ndiyo maana nawasihi mtumie mashine pepe, yaani kompyuta ya kuigiza ndani ya kompyuta yako. Unaweka VirtualBox, ambayo ni ya bure, unasakinisha Linux humo, ikiharibika unaifuta kama faili jingine lolote. Windows yako haiguswi.

Wengi wakijaribu wanaambiwa VT-x imezimwa. Fundi naye anasema eti mashine imezeeka, nunua nyingine. Subiri kwanza!

Mfumo endeshi umezoea kuwa bosi wa prosesa. Sasa hapa kuna mabosi wawili, mwenyeji na mgeni. Prosesa za zamani za x86 zilikuwa na amri fulani ambazo mgeni akizitoa, hazikukataliwa wala mwenyeji hakuarifiwa. Zilileta jibu tofauti, kimya kimya. VMware, ilipotoa programu yake ya kwanza mwaka 1999, ililazimika kukagua amri za mgeni na kuzitafsiri zile korofi papo hapo. Ujanja mkubwa, ila ni mzigo. Mwaka 2005 Intel ikaleta VT-x ndani ya prosesa yenyewe, na 2006 AMD ikaja na AMD-V. Mgeni akapata chumba chake: humo anaamuru atakavyo, na akigusa kisicho chake, prosesa inamsimamisha na kumwita mwenyeji. VirtualBox tangu toleo la 6.1 imeiacha kabisa njia ya zamani.

Basi angalia yako. Kwenye Windows 10 fungua Task Manager, nenda Performance, kisha CPU, utafute neno Virtualization. Ikisema Disabled, mara nyingi uwezo upo ila umezimwa. Zima kompyuta, iwashe huku ukibonyeza F10 kwa HP nyingi, F2 kwa Dell, au F1 kwa ThinkPad. Kwa Intel tafuta Virtualization Technology, kwa AMD ni SVM. Washa, hifadhi, toka.

Zipo kweli prosesa zisizo nayo, mfano baadhi ya Core 2 Duo. Hapo fundi yuko sahihi. Na VT-x haiongezi RAM: ukiwa na gigabaiti 4, mpe mgeni 1 tu, uchague Linux nyepesi, na Chrome uifunge kabisa.